Chupa ya Maji ya Solmi

Kila siku jioni, akirudi kutoka sokoni, Mama Sebin ana kazi moja anayoifanya kabla ya zote. Hufungua mikoba ya shule ya binti zake wawili, hutoa chupa za maji, kisha huziosha. Chupa ya Sebin, wa darasa la sita, hurudi tupu. Chupa ya Solmi, wa darasa la pili, ilikuwa ikirudi imejaa vilevile kama ilivyoondoka asubuhi.

"Solmi! Maji haya nakuwekea unywe au uyatembeze?"

"Sikusikia kiu, Mama."

"Jana hukusikia kiu. Juzi hukusikia kiu. Wewe ngamia?"

Mimi naishi ghorofa ya juu yao, na watoto wananiita Bibi wa Juu. Kuta za jengo letu ni nyembamba na masikio yangu bado mazima, kwa hiyo habari za nyumba ile sihitaji kuziuliza. Msinione mmbeya. Mama Sebin anauza vitoweo sokoni, na kimchi yake, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ndiyo inayonilisha tangu nilipostaafu. Kabla ya hapo nilifanya kazi ofisi ya uchaguzi ya wilaya kwa miaka thelathini na moja. Nimeona wagombea wa kila aina, na wachache tu ndio walionifurahisha.

Mwezi Machi, shule zilipofungua mwaka mpya, Solmi alianza kulalamika tumbo. Mwanzoni mama yake alidhani ni ujanja wa kukwepa hesabu. Wiki ya pili mtoto akashikwa na homa, na akienda haja ndogo analia. Mama Sebin alifunga duka, akambeba mgongoni mpaka zahanati.

Daktari alipima mkojo, akavua miwani.

"Mtoto huyu anakunywa maji?"

"Chupa yake inarudi imejaa kila siku, Daktari."

"Na shuleni unaenda chooni, mrembo?"

Solmi aliangalia viatu vyake.

"Ana maambukizi kwenye njia ya mkojo," daktari alimwambia mama. "Dawa nampa, na atapona. Lakini asipokunywa maji, na akibana mkojo kutwa nzima, ugonjwa huu utarudi tu. Anywe maji. Akisikia haja, aende hapohapo. Asingoje kufika nyumbani."

Njia nzima ya kurudi Mama Sebin aliuliza kwa nini, na Solmi hakujibu. Akamuuliza mwalimu wake kwa simu. Mwalimu akasema mtoto hajawahi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Aliyelipata jibu ni Sebin. Siku hiyo walikuwa bafuni, dada mtu anamsugua mgongo mdogo wake kama kawaida yao. Mtu akikusugua mgongo hakuoni uso, na labda ndiyo maana Solmi akasema.

"Dada, tishu iko nje."

Sebin alielewa mara moja. Kwenye vyoo vya shule yao, Shule ya Msingi Dolsaem, tishu kubwa moja imetundikwa ukutani karibu na mlango wa kuingilia, pale penye mabeseni ya kunawia. Ndani ya vyumba vya choo hakuna. Kila mtoto huvuta ya kumtosha kwanza, mbele ya foleni nzima, ndipo aingie.

"Ukivuta ndefu wanapiga kelele," Solmi aliendelea. "'Kubwa hiyo! Anaenda kubwa!' Halafu makomeo mawili yamevunjika. Siku ile nilikuwa ndani na mlango ukafunguka wenyewe. Wote wakaniona."

"Ndiyo maana hunywi maji?"

"Nisipokunywa, sisikii haja."

Sebin alikamua kitambaa. Yeye mwenyewe alikuwa akisubiri kufika nyumbani tangu darasa la kwanza. Alidhani shule ndivyo zilivyo.

Mama yao alipoambiwa, alisimama na kutafuta koti lake.

"Kesho asubuhi nipo mlangoni kwa Mwalimu Mkuu. Atanijua mimi ni nani!"

Solmi akaangua kilio. Huku juu niliweka kikombe changu chini.

"Usiende, Mama! Ukienda watajua ni mimi! Wataniita Solmi wa Choo mpaka namaliza shule!"

Baba yao, Bwana Tak, anaendesha lori la kabichi, na ni mtu wa maneno machache. Alimeza tonge lake.

"Anunuliwe tishu ya mfukoni," alisema.

"Na komeo? Nalo alibebe mfukoni?" mkewe aliuliza.

Bwana Tak akarudi kwenye supu yake. Mama Sebin akatundika koti, akakaa. Akienda shuleni, mtoto ataaibika. Asipoenda, mtoto ataumwa tena. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Siku tatu baadaye nilishuka kurudisha bakuli la kimchi. Niliikuta familia nzima imekaa sakafuni, imezunguka bango. Sebin alikuwa anagombea urais wa wanafunzi wa shule. Kwenye bango alikuwa amepigwa picha akiwa na shati jeupe, anacheka, na maandishi ya dhahabu yalisema: FILAMU KILA MWEZI! SEBIN, MTUMISHI WENU.

"Bibi wa Juu, linapendeza?" Sebin aliuliza.

"Linapendeza. Nani kaitaka filamu?"

Walitazamana.

"Mwalimu wangu wa masomo ya jioni ndiye aliyeniandikia hotuba," Sebin alisema. "Anasema ahadi lazima iwe tamu."

"Na akishinda nitapeleka baga kwa darasa zima," Mama Sebin akadakia. "Nimeshaagiza."

Hapo damu ilinipanda. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Baga uzifute, Mama Sebin."

"Bibi, mwaka jana mama yake Gyuho, mwanafunzi mwenzake, alipeleka! Nikikaa kimya nitaonekana bahili."

"Onekana. Leo unapeleka baga, mwakani mtoto ambaye mama yake hana cha kupeleka hatathubutu kusimama. Mtoto achaguliwe kwa kichwa chake. Jiko la mama yake lisiingie humo."

Mama Sebin alibetua mdomo, lakini simu alichukua, akafuta oda. Nikamgeukia Sebin.

"Mjukuu wangu, mwakilishi ni nani?"

"Ni kiongozi."

"Ni mtu aliyetumwa. Wewe umetumwa na nani, ukaseme nini?"

Sebin alifikiri. "Sijatumwa na mtu."

"Basi kaulize kwanza, ndipo uahidi. Mgombea anayeahidi kabla ya kuuliza anajihutubia mwenyewe."

"Niwaulize darasa la nne, la tano na la sita? Hao ndio wanaopiga kura."

"Na wadogo?"

"Wadogo hawapigi kura, Bibi."

"Kwa hiyo hawaumwi na kitu?"

Sebin alimtazama mdogo wake. Solmi alikuwa pembeni anapaka rangi kitabu chake, ila penseli ilikuwa imesimama.

"Mwenye kura atakutafuta mwenyewe," nilisema. "Asiye na kura hana wa kumsikiliza. Anza na hao."

"Bibi," Sebin alisema polepole, "watu wakiandika bila kuweka majina, hakuna atakayejua nani kasema nini?"

"Hakuna. Ni sawa na kura ya siri."

"Na nikiyasema mimi kwa niaba ya wote, hatajulikana hata mmoja?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Penseli ya Solmi ikaanza kwenda tena, taratibu.

Kesho yake Sebin alichukua boksi la kimchi dukani kwa mama yake, akalitoboa tundu juu, akaliombea ruhusa kwa Mwalimu Ryu, mwalimu kijana anayesimamia baraza la wanafunzi. Siku tatu alilipitisha kila darasa, la kwanza mpaka la sita. Swali lilikuwa moja: Ni kitu gani hapa shuleni kinakusumbua na hujamwambia mtu?

Tulilifungua kwenye sakafu ya nyumba yao. Karatasi zilinuka kitunguu saumu. Mkono wa kuhesabu kura haustaafu, kwa hiyo nilizipanga mafungu mimi mwenyewe. Wengine waliandika juu ya foleni ya chakula. Wengine waliandika juu ya uwanja kushikwa na wakubwa kila mapumziko. Lakini fungu moja liliyapita yote. Kati ya karatasi mia moja themanini na sita, sabini na nne zilikuwa za choo.

Mmoja aliandika: "Nabana mpaka nyumbani. Nyumbani ni mbali." Darasa la kwanza, ambao bado wanahangaika na herufi, walichora. Mmoja alichora mlango wenye jicho kubwa.

Solmi alichuchumaa, akazisoma moja moja huku kidole kikifuata mstari.

"Hii siyo yangu," alisema.

"Najua," dada yake alijibu.

"Na hii siyo yangu."

"Najua, Solmi."

"Basi tuko wengi," alisema. Tangu alipougua sikuwa nimeisikia sauti yake nyepesi namna ile.

Sebin aliligeuza bango nyuma, akaandika kwa kalamu nyeusi: WANAFUNZI 74 WAMEANDIKA KUHUSU VYOO VYETU. NIKICHAGULIWA NITALIPELEKA JAMBO HILI BARAZANI, NA NITARUDI KUWAPA JIBU.

"Mwanangu!" Mama Sebin alishika kichwa. "Choo? Kwenye bango? Angalau filamu ilikuwa na heshima yake!"

Shuleni hali haikuwa nzuri. Mpinzani wake, Gyuho, alikuwa mvulana anayependwa na wengi, hodari wa mpira na wa mdomo. Yeye aliahidi aiskrimu kila Ijumaa.

"Jamani, mpisheni Rais wa Choo!" alipaza sauti koridoni. "Ukishinda tukuvike taji la tishu?"

Korido nzima ilicheka. Sebin alirudi nyumbani macho mekundu, akanikuta kwenye ngazi.

"Bibi, nataka kurudisha filamu."

"Mimi si mpiga kura wa shule yenu. Waulize waliokutuma."

Solmi alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba uliomzidi. "Usirudishe," alisema, akapita kwenda kuvua viatu. Mjadala uliishia hapo.

Siku ya uchaguzi nami nilikuwepo. Shule iliazima vituturi na sanduku la kura kutoka ofisi yetu ya zamani, na vijana wa ofisi waliniita niwaelekeze kuvipanga. Sikuhitaji kuitwa mara mbili.

Gyuho alihutubia kwanza. Alisema vizuri, na aiskrimu ilipigiwa makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Kisha Sebin akapanda. Akakunjua karatasi yake.

"Mimi nitazungumzia vyoo," alisema.

Kicheko kilianzia nyuma kikafika mbele. Mtu akapaza sauti, "Rais wa Choo!" Sebin alisubiri. Mimi kwenye kiti changu nilikuwa nimekaza vidole vya miguu. Kisha akaiweka karatasi chini.

"Naomba aliyewahi kwenda haja kubwa kwenye choo cha shule hii bila wasiwasi wowote, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Watoto waligeuka kuangalia nani atanyoosha. Gyuho naye aliangalia huku na huku, mikono yake imekaa mapajani. Kicheko kikaisha.

"Kwa hiyo tunaocheka ndio tunaobana," Sebin alisema. "Mimi siwezi kuahidi aiskrimu, kwa sababu siyo mimi ninayepika. Naahidi kuuliza, na kurudi na jibu. Hata likiwa jibu baya, nitarudi nalo."

Wakapiga kura. Kila mmoja aliingia kwenye kituturi peke yake, akagonga muhuri, akakunja karatasi, akaitumbukiza. Msichana mmoja wa darasa la nne alitaka kumwonyesha rafiki yake karatasi kabla ya kuikunja. Nikamwambia, "Ikunje, mama. Hiyo ni yako wewe tu. Usiri huo ndio unaokuwezesha kumchagua unayemtaka, hata kama rafiki yako hamtaki." Akaikunja haraka.

Kura zilihesabiwa mbele ya wote. Sebin sitini na tatu. Gyuho hamsini na tano. Kwa kanuni ya shule ile, wa pili anakuwa makamu. Gyuho alimpa mkono, amenuna kidogo, lakini alimpa.

Mama Sebin alikuja kugonga mlango wangu analia na kucheka. Nilimkaribisha chai. Nikamwambia machozi mengine ayaweke, maana kuchaguliwa ni mwanzo tu.

Na kweli. Kikao cha kwanza cha baraza, Sebin alinisimulia chote, na mtoto huyu hatii chumvi. Walikaa wawakilishi wote, wawili kwa kila darasa kuanzia la nne. Mwalimu Ryu aligawa karatasi ambayo tayari ilikuwa imechapwa: Azimio la Aprili, Tusikimbie koridoni.

"Wote tunakubali?" Mwalimu Ryu aliuliza, kalamu mkononi.

Mikono ikaanza kunyooka, kama ilivyonyooka kila mwezi kwa miaka mingi. Azimio lile limepitishwa mara ngapi, hakuna anayekumbuka, na watoto wanakimbia koridoni mpaka leo. Hata mkono wa Sebin ulikuwa umefika begani. Akaushusha.

"Mwalimu, mimi nina hoja nyingine. Ya vyoo."

"Sebin, mambo ya vyoo yana watu wake."

"Mwalimu, sisi ndio watu wake."

Akatoa karatasi sabini na nne, akaziweka mezani. Mwalimu Ryu si mtu mbaya. Ni kijana anayemwogopa Mwalimu Mkuu, basi. Alichukua ya juu, ile ya mlango wenye jicho, akaitazama muda mrefu. Kisha akaikunja karatasi yake iliyochapwa.

"Nani mwandishi wa kikao?" aliuliza. "Andika hoja hii. Na mtu akamwite Fundi Do, maana naye anahusika."

Fundi Do ndiye anayetengeneza kila kinachoharibika shuleni. Alikuja na glavu zake, akasikiliza, akakunja uso.

"Mnajua kwa nini tishu niliitoa nje? Mwaka ule watoto walitumbukiza tishu nzima nzima. Nilizibua siku nne, kwa mikono hii. Nikizirudisha ndani, mtazibua ninyi?"

Sebin alikuwa amejiandaa kwa kila swali, ila hilo hakulitegemea. Mzee yule naye alikuwa na haki yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliyefungua mdomo ni Gyuho.

"Fundi, waliotumbukiza walikuwa wa darasa gani?"

"Wa sita. Walikuwa wanacheza."

"Basi sisi wa sita tukague vyoo kila siku baada ya chakula. Kwa zamu, mimi naanza. Tujaribu mwezi mmoja. Vikiziba zaidi ya mara mbili, tishu zitoke nje tena."

"Mara moja," Fundi Do alisema.

"Mara mbili, Fundi. Watoto wadogo wanakosea."

Fundi aliwaangalia wote, akavua glavu moja.

"Haya. Mara mbili. Lakini makomeo sina ruhusa ya kuyanunua mpaka Mwalimu Mkuu aseme."

Sebin aliniambia, bila kuona haya, kwamba bila Gyuho siku ile angekwama.

Wakaandika barua, wakaipeleka. Mwalimu Mkuu, Bwana Eom, aliwaita Sebin na Gyuho ofisini. Aliwapa juisi. Aliwasifu kwa uongozi bora. Kisha akasema ukarabati mkubwa wa vyoo umepangwa mwaka ujao, kwa hiyo wavumilie.

Watoto wengi wangeinama na kutoka. Watu wazima wengi pia. Sebin aliinama, lakini hakutoka.

"Mwalimu Mkuu, hatuombi ukarabati mkubwa. Tunaomba makomeo mawili, na tishu ndani ya kila chumba. Tafadhali njoo uone mwenyewe, wakati wa mapumziko."

"Nimeshaviona vyoo, binti yangu. Navikagua kila mwezi."

"Watoto wakiwa darasani," Gyuho alisema kwa adabu kabisa.

Bwana Eom alicheka kidogo, akasimama. Kengele ililia wakiwa kwenye ngazi. Kwenye vyoo vya wavulana vya chini foleni ilikuwa imeshajaa, darasa la kwanza mpaka la tatu, wanasukumana. Walipomwona Mwalimu Mkuu walinyamaza wote. Sebin alibaki mlangoni, Gyuho akaingia naye.

"Mwalimu Mkuu," Gyuho alisema, "tafadhali vuta tishu ya kukutosha."

"Mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kama vile unataka kwenda."

Bwana Eom alinyoosha mkono kwenye ile tishu ya ukutani. Akavuta kipande. Akageuka. Macho zaidi ya ishirini yalikuwa yanautazama mkono wake, yanasubiri kuona atavuta kiasi gani. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, asiyejua kuficha jambo, akauliza kwa sauti, "Mwalimu Mkuu anaenda kubwa?"

Uso wa Bwana Eom uliiva mpaka masikioni. Aliiachia ile tishu, ikabaki inaning'inia.

"Nimeelewa," alisema.

Makomeo yalifungwa kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza. Tishu ziliingia ndani ya kila chumba, vya wasichana na vya wavulana. Na jibu la barua lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, likiwa na tarehe na sahihi ya Mwalimu Mkuu, ili kila mtu alisome. Sebin hakuridhika na ubao. Alizunguka darasa kwa darasa, akianza na la kwanza, akawaeleza: tuliomba hiki, tumepewa hiki, na sharti ni hili, msitumbukize kitu.

Mwezi wa majaribio choo kiliziba mara moja tu. Fundi Do alizibua akatoa soksi.

"Hiyo ni ya kwanza," alimwambia Gyuho.

"Soksi siyo tishu, Fundi! Haihesabiki!"

"Inahesabika."

Wanabishana mpaka leo, na nasikia Fundi Do amemfundisha kijana yule kubadilisha komeo. Kikao cha Mei baraza likaamua jambo jingine: kuanzia muhula ujao, darasa la kwanza mpaka la tatu nao wachague wawakilishi wao kwa kura ya siri, wakae barazani na wakubwa. Bwana Eom alitia sahihi bila kubisha. Vituturi vitaazimwa tena, na mimi nimeshasema nitakwenda kuvipanga.

Lakini nimewaahidi habari ya chupa.

Ilikuwa jioni moja mwishoni mwa Aprili. Mama Sebin alirudi kutoka sokoni, akafungua mikoba kama kawaida. Chupa ya Sebin tupu. Akashika ya Solmi, na mkono ukapanda juu ghafla, kwa sababu ulikuwa umezoea uzito. Akapapasa chini ya mkoba akitafuta maji yaliyomwagika. Madaftari yalikuwa makavu.

"Solmi! Maji yako wapi?"

"Nimeyanywa."

"Yote?"

"Yote. Mama, hayanitoshi. Kesho niwekee chupa ya Dada."

Niliusikia mfuniko ukiwekwa juu ya meza. Kisha Mama Sebin akainua uso kuelekea darini na kupaza sauti, huku analia.

"Bibi wa Juu! Umesikia?"

"Nimesikia!" nikajibu.